Majani Niliyouibia Udongo

Sikio la kwanza nililikuta kwenye hori, juu ya majani, asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita. Nilidhani ni kipande cha ngozi ya kiatu. Nikakiokota, nikakigeuza, nikaona manyoya meusi upande mmoja. Nikamtazama ng'ombe. Naye akanitazama, anatafuna, sikio lake la kushoto limeishia nusu, na pale lilipoishia hapakuwa na tone la damu. Hakuna damu, jamani! Ningeona damu ningesema mbwa, ningesema fisi, ningesema msumari wa banda. Nilipoona pakavu vile, nilitaja jina la mtu.

Jina lenyewe sitaliandika. Alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, mjane asiye na mtoto, aliyekuwa na mahali pamoja tu pa kulaza ubavu hapa duniani: nyumba ya vyumba viwili aliyojengewa na kaka yake upande wa juu wa shamba letu la kahawa, huku kwetu upande wa Mpepai. Nyumba hiyo ndiyo niliyoiweka hatarini kwa mdomo wangu. Watu hunisifu kwamba mimi ni mama mwenye msimamo. Msimamo gani! Nina hasira za karibu na mdomo usio na breki, vyote viwili nilizaliwa navyo, na nimechoka kusifiwa kwa ugonjwa.

Wifi aliolewa angali binti, akateremka ziwani, Lundo, akakaa huko zaidi ya miaka ishirini. Akazoea joto, akazoea lugha yao ya Kinyasa, akasali Anglikana kwa mumewe. Mume alipofariki, ndugu wa mume wakamwambia nyumba ni ya ukoo. Akapanda mlima na begi moja na sufuria yake ya kupikia usipa, wale samaki wadogo wa ziwa ambao bila wao aliona hajala. Mume wangu akasema, "Dada yangu hatalala kwa watu mimi nikiwa hai." Nikasema sawa. Kusema kweli sikupenda. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mtu anayenyamaza hunitia wasiwasi. Mimi nikikaa na mtu dakika tano hajasema kitu, naanza kujiuliza ananisema nini moyoni.

Mambo yalianzia shambani, mwezi wa tatu. Milima yetu imesimama wima, na tangu enzi za mababu sisi Wamatengo tunalima ngoro. Mvua zikielekea kuisha, mwanaume anafyeka majani ya shamba lililopumzika, anayaacha yanyauke, kisha anayapanga kwa mistari inayokatana, miraba miraba, mlima mzima. Mwanamke anakuja nyuma na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kuutupa udongo juu ya yale majani. Katikati linabaki shimo, pembeni linazunguka tuta, maharage yanapandwa kwenye tuta, na majani yanaoza chini yanakuwa chakula cha udongo. Mvua ikija na vurugu zake, maji yanatulia mashimoni. Ndiyo maana milima yetu bado ipo.

Mwaka huo shamba la juu lilikuwa limepumzika vya kutosha. Majani yalinifika kifuani, na mvua ilikuwa imenyesha tangu yanachanua, mvua na ukungu, wiki nzima hatuoni hata mnara wa kanisa. Sasa mimi nilikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mweusi mwenye mabaka meupe, wa kufungia bandani, na kila kiangazi nilihangaika mabondeni kutafuta majani kama mwendawazimu. Nikayatazama yale majani yamelala kwenye mistari yake, makavu, mazuri, nikasema moyoni: haya yote tunazika? Halafu mwezi wa saba nikaombe majani kwa watu?

Mume wangu alikuna kichwa. "Haya, wewe ndiye mwenye ng'ombe," akasema, akarudi kwenye kahawa zake. Basi nikaanza. Mstari mmoja nauacha, mstari mmoja naukusanya, nafunga mizigo. Wifi alikuwa ananisaidia kuchimba siku hiyo. Akasimamisha jembe, akanitazama.

"Wifi, matuta yatakuwa membamba."

"Yatatosha."

"Na majani yenyewe yamezeeka, yana mbegu tupu. Huyo ng'ombe hayatamfaa. Utaniambia."

Hilo "utaniambia" lilinichoma. Kwetu mtu akikwambia hivyo, anakuwa ameshakushinda kabla hujashindana. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika mlima wa pili, "Wewe mtu wa usipa, mambo ya ng'ombe umeyajua lini?" Wanawake waliokuwa wanachimba shamba la jirani wakacheka. Wifi akainama, akaendelea kuchimba, na mimi nikabeba majani yangu, mizigo kwa mizigo, nikayapanga kwenye dari ya stoo ya kahawa mpaka yakagusa bati. Nilijiona nina akili kuliko mlima mzima.

Mwezi wa sita huku kwetu si mchezo. Baridi inaingia mpaka kwenye meno. Majani mabichi yakaisha, nikaanza kushusha ya dari. Kila nilipovuta mzigo, sakafuni vilidondoka vitu vyeusi, vidogo, virefu kuliko mbegu, vimepinda kidogo. Nikasema, panya hao, wamekunya juu ya chakula cha ng'ombe wangu. Nikaazima paka kwa jirani, nikamfungia stooni. Paka akakaa wiki nzima, hakukamata hata panya mmoja, analala tu juu ya majani. Nikamtukana yule paka matusi yote niliyoyajua, nikamrudisha kwa mwenyewe.

Wakati huohuo maziwa yakaanza kupungua. Ndoo iliyokuwa inajaa ikawa nusu, ikawa robo, halafu ikafika siku nakamua naona chini ya ndoo tu. Ng'ombe hakuwa na homa. Hakukohoa, hakuharisha. Alikuwa anasimama tu na manyoya yamesimama, anainua mguu huu, anaushusha, anainua ule, kama mtu aliyekanyaga bati la moto. Nilipomshika masikio yalikuwa baridi kabisa, magumu kwenye ncha. Nikasema ni hali ya hewa. Nikasema anahitaji kula zaidi apate joto. Mungu nisamehe, nikamwongezea majani.

Ndipo likadondoka lile sikio.

Nimesema nilitaja jina la mtu. Sikulitaja moyoni. Wifi alikuwa anapita kutoka kisimani na ndoo yake kichwani, akaniona nimesimama na kile kipande mkononi. Akasimama. Akasema, "Pole, wifi. Kimemkuta nini?" Basi, kwa sauti ile ya huruma, mimi nikalipuka. "Si ulisema nitakuambia? Haya, ndiyo nakuambia! Ng'ombe hana sikio! Umefurahi?" Nilipiga kelele mpaka watu wakatoka majumbani. Ndoo ikamtikisika kichwani, maji yakamwagikia mabegani, na baridi ile, hata hakujifuta.

Mume wangu aliposikia alisema neno moja la maana: "Tumwite bwana mifugo." Nikamwambia bwana mifugo anatibu minyoo na kupe, hajasomea masikio yanayokatika bila damu. Nikafunga kitenge changu, nikaenda kwa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Mbona uso wako hivyo?" Nikamfungulia kitambaa, nikamwonyesha sikio. Alilitazama bila kuligusa, akarudisha kiti chake nyuma.

Kikao kilikaa Jumapili baada ya misa, sebuleni kwake, milango imefungwa kwa ajili ya baridi, watu wamejifunika vitenge na makoti. Wifi alikaa kwenye mkeka karibu na mlango. Baba mkubwa akaanza moja kwa moja.

"Wewe mtoto, ulisema majani hayatamfaa yule ng'ombe. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema, baba."

"Ulijuaje?"

"Niliona yamezeeka."

"Majani yakizeeka yanakata masikio?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha wote kwa pamoja. Mzee mmoja akasema lisemwalo lipo. Shangazi mmoja akasema huyu ametoka ziwani, nani anajua alikuja na nini kwenye lile begi, na tena hata kanisa lake halieleweki, leo Anglikana, kesho Katoliki. Akamalizia, "Kikulacho ki nguoni mwako," akanigeukia mimi, anangoja. Ningeweza kusema sina uhakika. Ningeweza hata kukohoa. Nikasema, "Ni kweli, shangazi."

Mume wangu alikuwa anaangalia sakafu. Ikaamuliwa kwamba dada yake ateremke ziwani akapumzike, mpaka hali itulie. Hakuna aliyesema neno uchawi. Kwetu hatulitamki, tunasema hali. Kesho yake asubuhi nilikuta ufunguo wa nyumba ya wifi umetundikwa kwenye msumari wa mlango wetu, na nyumba yake imefagiwa mpaka uani.

Sikio la pili lilidondoka siku tatu baadaye.

Hapo mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Mchawi ameondoka, uchawi unafanya nini bado bandani? Lakini sisi tulikuwa na jibu. Baba mkubwa akasema, "Ameacha kitu." Vijana wa ukoo wakaja na majembe, wakachimba kuzunguka banda, wakachimba mlangoni kwa wifi, kisha wakaingia ndani wakapasua sakafu aliyoipiga kaka yake kwa mikono yake. Walipata kipande cha chupa na mfupa wa samaki. Basi ule mfupa! Ulizungushwa mkono kwa mkono kama mzoga wa nyoka. Mfupa wa samaki kwenye nyumba ya mtu anayekula samaki kila siku, na mimi nilisimama pale, naamini.

Wiki iliyofuata mkia ulianza kukauka kutoka nchani. Nikikaribia banda nilikuwa nafanya ishara ya msalaba. Ukisikia mtu mzima anamwogopa ng'ombe wake mwenyewe, ndiyo mimi. Halafu miguu ya nyuma ikaingia kitu, juu kidogo ya kwato pakatokea mstari mwekundu unaozunguka, kana kwamba mtu amefunga uzi akaubana. Ng'ombe akawa anashinda amelala. Mume wangu hakuniuliza tena. Aliwasha pikipiki, akaenda, akarudi na bwana mifugo nyuma yake.

Alikuwa mtu mpole, ana matope mpaka magotini. Alimpima joto, akatikisa kichwa. Akampapasa mguu polepole kutoka juu kwenda chini, akanishika mkono wangu akauweka juu ya ule mstari. "Hapa kuna joto?" Nikasema lipo. Akaushusha chini ya mstari. "Na hapa?" Palikuwa baridi. Nikautoa mkono haraka.

"Mama, anakula nini?"

Nikamwonyesha dari. Akapanda ngazi mwenyewe, akashuka na kishada, akakaa mlangoni penye mwanga, akachagua suke moja lenye mbegu, akalipukuchia kiganjani. Katikati ya mbegu vikatoka vile vitu vyeusi vilivyopinda. Akakivunja kimoja kwa kucha. Nje cheusi, ndani kijivu kinachoelekea weupe.

"Hayo ni mavi ya panya," nikamwambia. "Niliazima mpaka paka."

Hakucheka. Akasema, "Mama, hakuna panya hapa. Hii ni kuvu. Inaingia kwenye ua la majani wakati wa mvua na baridi, inakaa pale ambapo ingekaa mbegu. Ina sumu. Sumu yake inabana mishipa ya damu. Damu haifiki mwisho wa mwili, masikio, mkia, miguu. Halafu baridi inamalizia. Na maziwa yanakauka." Akajipangusa kiganja. "Mlimwanzishia lini majani haya?"

Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Mngeniita wiki ya kwanza, masikio yangebaki."

Sumukuvu nilikuwa naijua, redio inaitangaza kila mwaka, kausha mahindi, tandaza karanga. Hakuna hata siku moja niliyosikia habari ya majani. Sisemi haya kujitetea. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mimi nimesingizia vya kutosha. Nilikaa chini palepale kwenye samadi, nikalia. Mume wangu alinitazama nikilia, hakuninyanyua. Akasema, "Ulimtoa wewe. Kamrudishe wewe."

Majani tuliyachoma yote, nikabakiza suke moja tu. Ng'ombe tukamlisha mabua na majani ya tembo machanga ambayo hayajachanua, akaanza kusimama. Nami nikapanda bodaboda mpaka Mbinga mjini, nikapata gari la Mbamba Bay, kisha bodaboda tena mpaka Lundo. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Koti nililolivaa mlimani nikalivua njiani, kule chini ni joto tu, na jasho langu halikuwa la joto peke yake.

Nilimkuta ufukweni, anaanika usipa. Huko wanaanika kwenye chanja, meza za miti zilizotandikwa nyavu, na wanawake huziweka karibu karibu ili wapige soga wakifukuza kunguru. Chanja za wenzake zilikuwa pamoja. Ya kwake ilikuwa peke yake, mbali, pembeni ya mawe. Nilielewa kabla hajafungua mdomo. Simu zilikuwa zimeteremka mlima kabla yake.

Nikapiga magoti mchangani.

"Inuka, wifi. Watu wanaangalia."

"Waache waangalie." Nikamweleza yote, paka, suke, kuvu, mishipa ya damu. Nikatoa lile suke nililolifunga kwenye leso nikampa. Alilishika, akalipukucha, akavitazama vile vyeusi kwa muda mrefu.

"Siku ile shambani sikujua kitu," akasema. "Nilisema tu. Nilikuwa nimechoka, mgongo unauma, na wewe unaharibu matuta."

"Najua, wifi. Turudi nyumbani."

"Unalala wapi usiku, wifi? Kwenye kitanda? Mimi hapa nalala jikoni kwa shemeji zangu, na wakishapika wanaficha chumvi nisiiguse." Alisema taratibu tu, bila hasira, ndiyo maana iliniuma. "Haya, mimi umeniambia. Wale uliowaambia mwanzo, umewaambia?"

Sikuwa nimewaambia. Nilikuwa nimekimbilia kuomba msamaha kwa mtu mmoja ambaye tayari alijua kwamba hana kosa.

"Kawaambie. Nikisikia umewaambia, nitakuja."

Nikapanda mlima. Siku ya jumuiya ya kanisa, tulipomaliza sala, nikaomba nafasi, nikasimama na suke mkononi. Nilisema: sikio halikukatwa na mtu, mkia haukukatwa na mtu, ni majani niliyoyatoa kwenye ngoro mimi mwenyewe kwa ujanja wangu, na nimemsingizia ndugu yetu. Suke likazunguka, kila mtu akalinusa, sijui walikuwa wanatafuta harufu gani. Wengine walinishika mkono. Baba mkubwa alilirudisha mwisho, akasema, "Sawa, mwanangu. Tumesikia. Lakini alijuaje?"

Hata hivyo wifi alirudi. Mume wangu alikuwa ameshaipiga sakafu upya. Nilimpokea na debe la maharage, machache kwa kweli, kwa sababu yale matuta membamba hayakutoa kitu. Ng'ombe alipona akiwa na vipande vya masikio na mkia mfupi usiofukuza nzi, akapata mimba tena. Mwaka ule tulikaa vizuri, mimi na wifi. Nilikwenda kwake, nikala usipa, nikajifunza kunyamaza naye hata nusu saa nzima. Ulikuwa utulivu wa kushikilia kwa mikono miwili. Watoto wa jirani bado walizunguka nyuma ya kahawa wasipite mlangoni kwake. Mtu akithubutu kusema neno mbele yangu, nilikuwa namvaa mzimamzima. Nilijulikana kabisa kwamba mimi ndiye mtetezi wa wifi, na nilijipenda kwa hilo.

Ndama alizaliwa mwezi wa tano, jike, mzuri. Mwezi wa sita ukaja na baridi yake. Asubuhi moja nikafungua banda nikamkuta amelala ubavu, shingo imenyooka, hainuki. Nikamwita. Nikamsukuma kwa mguu. Kimya. Hakuwa amekula jani lolote, alikuwa bado wa kunyonya.

Nataka niseme hili kama lilivyokuwa. Sikuwaza kitu. Sikusema kitu. Shingo yangu iligeuka yenyewe, nikatazama juu, kwenye nyumba ya wifi.

Alikuwa amesimama mlangoni kwake na ufagio, ananitazama. Sijui tulitazamana muda gani. Nilijaribu kutabasamu, nikainua mkono kumsalimia, lakini alikuwa ameshaona kilichokuja kabla ya tabasamu. Akaweka ufagio ukutani. Akateremka mpaka bandani, akapita mbele yangu, akachuchumaa, akamsugua ndama mgongo na kifua kwa gunia kavu, kwa nguvu, mpaka ndama akapumua kwa sauti. "Lete blanketi," akasema. Nikakimbia kuleta. Tukamfunika. Kisha akanawa mikono, akapanda kwake.

Nilipomfuata alikuwa anakunja nguo kitandani, na begi liko wazi.

"Wifi, mbona hivyo? Sijasema kitu!"

"Ndiyo. Hujasema."

"Basi nisamehe kama…"

"Mwaka jana ulisema, nikakusamehe. Leo hujasema kitu, wifi. Nikusamehe nini?"

Nilishika mlango. Nilitaka nimwambie kwamba lile halikuwa langu, lilitoka mahali nisipopajua, na nimekuwa nikimtetea mwaka mzima. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililonifaa. Akafunga zipu, akatoa ufunguo mfukoni, akautazama, akaniwekea mkononi. Nilisikia hatua zake zinateremka kwenye kahawa mpaka barabarani, halafu pikipiki ikasimama, halafu ikaondoka.

Saa nne mume wangu alipotoka shambani kuja kunywa chai, aliuliza dada yake ameelekea wapi asubuhi yote. Ndama alikuwa amesimama, ana nguvu zake, ananyonya, na mimi nilikuwa bado nimeshika ule ufunguo.